Mlango wa Basi: Wade Blank na Wale 19 wa Denver

Ndugu zangu, karibuni. Nimewaona pale getini baadhi yenu mkishushwa kwenye daladala kwa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo leo sianzi na sheria, naanza na basi.

Wade Blank alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri aliyewahi kuandamana Selma, kusini mwa Marekani, kudai haki za Wamarekani weusi. Miaka ya 1970 alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na jiji la Denver, Marekani. Humo alikuta vijana. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na ulemavu mkubwa, na hapakuwa na pengine pa kuwaweka. Alipotaka wakaishi katika nyumba zao wenyewe, alifukuzwa kazi. Vijana kadhaa wakamfuata, wakaanzisha jumuiya yao, Atlantis.

Hapa tutulie kidogo. Kijana ana ufunguo wake mfukoni, ana msaidizi, ana mahali pa kwenda. Anafika kituoni na kiti mwendo chake, basi linakuja, mlango unafunguka: ngazi. Ametoka kwenye kifungo cha kuta nne, ameingia kifungo cha mtaa mmoja!

Tarehe 5 Julai 1978, watu 19 wa Atlantis walizingira mabasi mawili katika makutano ya barabara za Colfax na Broadway, katikati ya jiji. Wengine walishuka kwenye viti vyao, wakajilaza juu ya lami. Usiku ukapita, kukapambazuka, wao wapo, wanaimba: “Tutapanda!”

Wenye mabasi walipendelea magari maalumu ya kuagizwa kabla. Nawaomba mlipime hilo. Anayengoja siku aliyopangiwa hawezi kuamka tu akaenda sokoni, kazini au msibani. Mwaka 1981 mahakama iliwaunga mkono wenye mabasi, ikabatilisha kanuni za serikali kuu zilizodai mabasi yawe na lifti za kupandishia viti mwendo. Mwaka 1983 Blank na wenzake wakaanzisha ADAPT, kikundi cha kudai mabasi ambayo watu wenye ulemavu wanaweza kupanda, na kila wakuu wa usafiri walipokutana, katika jiji lolote, waliwakuta mlangoni. Walikamatwa, wakatoka, wakarudi.

Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ilitiwa saini 26 Julai 1990. Mwezi mmoja tu baadaye, kila basi jipya la umma lililoagizwa lilipaswa kumpokea abiria mwenye kiti mwendo.

Blank alifariki mwaka 1993 huko Mexico, akijaribu kumwokoa mwanawe baharini. Mtoto naye alizama. Ukifika leo Colfax na Broadway, utakuta bamba lenye majina ya wale 19, na mabasi yakipita kando yake.