Wanagombania Pembe, Ugomvi Wenyewe ni Majike

Habari zenu ndugu zangu! Wa Tanga, wa Mwanza, wa Bukavu, na nyie wa Muscat mnaonifuatilia usiku mkitoka kazini, karibuni. Mimi bado nipo Erie, Pennsylvania, na wiki hii kazini hakuna stori nyingine. Msimu wa bunduki wa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Marekani ya mwezi Novemba, na vijijini shule nyingi zinafungwa Jumatatu yake. Watu wazima, watoto, mabibi, wote porini na fulana za rangi ya chungwa inayowaka, ili mwenzio asikudhanie nyama.

Sasa ugomvi wao ni huu. Zamani dume yeyote mwenye pembe alikuwa halali yako, hata awe na kijiti cha inchi 3 tu. Mwaka 2002 tume ya wanyamapori ya jimbo ikasema basi: sehemu kubwa ya jimbo, dume awe na ncha 3 upande mmoja wa pembe (pembe za kulungu wa huku huota matawi, na kila tawi ni ncha), vinginevyo mwache apite. Huku magharibi walianza na 4, maana ardhi ina rutuba, mahindi na soya tele, kulungu wanaota pembe kubwa mapema. Baadaye wakalegeza: ncha 3, ila ile ya chini iliyo juu ya jicho haihesabiwi. Watoto wana nafuu yao.

Kwenye karatasi rahisi. Njoo porini sasa. Alfajiri, theluji, dume anakatiza kwenye miti, kichwa chini, ananusa nyayo za jike. Unamwangalia kwenye darubini ya bunduki. Moja... mbili... ile ya tatu ni ncha, au ni kitawi cha mti nyuma yake? Na ncha haiitwi ncha mpaka ifike inchi 1. Vidole vimekufa ganzi, unahesabu upya, ukija kushtuka unaona mkia mweupe tu unaishilia. Ukikosea, unampigia bwana nyama wa huku na kulungu unamkabidhi.

Kwa nini wajitese hivyo? Kabla ya sheria, madume takriban 8 katika kila 10 waliouawa walikuwa na mwaka mmoja na nusu. Vijana kabisa! Leo zaidi ya nusu wamevuka miaka 2. Hapo sheria imefanya kazi, anayebisha anabisha tu.

Ila kuna kasoro: ncha si umri. Dume wa mwaka mmoja na nusu aliyeshiba anaweza kuwa na ncha 6, mwenzake wa rika lake ana vijiti viwili. Kwa hiyo unamuua kijana bora, unamlinda dhaifu. Jimbo la Mississippi walianza kuhesabu ncha mwaka 1995, watafiti wakakuta sehemu nyingine pembe za wakubwa zinapungua, mwaka 2009 wakahamia kupima upana na urefu wa pembe. Kwetu Tanzania simba wa uwindaji wa kitalii anaangaliwa umri, miaka 6 na kuendelea, na wataalamu wanamtazama hadi pua inavyozidi kuwa nyeusi. Kulungu hana pua ya kukusaidia.

Jimbo la Missouri nako kuna ugonjwa unaokausha kulungu na kula ubongo, na madume wakubwa ndio wanaoupata zaidi. Wakaondoa sheria ya ncha kwenye wilaya zilizoathirika. Ukiwatunza wazee, unatunza na ugonjwa.

Lakini nisikilizeni. Mzee mmoja kazini akianza kulaani hii sheria, dakika mbili hayupo tena kwenye pembe. Yupo kwenye majike: "Wametumalizia kulungu!" Hapo ndipo penye kidonda. Aliyeileta sheria, Gary Alt, mtafiti aliyejulikana zaidi kwa dubu, alizunguka jimbo lote na mambo mawili kwa pamoja: waacheni madume wadogo, na ueni majike wengi zaidi. Kulungu walikuwa wamekula msitu. Miche ya mialoni hakuna, chini kangaga tupu, kwa sababu kangaga hawaili. Na mzee wa huku kalelewa akiambiwa kuua jike ni dhambi. Alt alitishiwa maisha, mwisho wa 2004 akaondoka.

Mimi naona pembe zilikuwa ndiyo asali ya kumezea dawa. Mwindaji anaahidiwa dume mkubwa wa kutundika ukutani, huku kazi yenyewe ya kuuokoa msitu inafanywa na kibali cha jike. Ungeondoa sheria ya ncha kesho, miti isingejua. Ondoa vibali vya majike, miaka michache tu utaona.

Mimi msimu huu nimechukua cha jike. Hesabu za ncha sina, nyama yake laini, na mke wangu keshanunua binzari na ndimu. Na nyie mnaoniuliza kwenye meseji bei ya kilo: haiuzwi! Nyama ya porini huku ukiuza ni kesi. Unakula, unagawa, au unatoa kwa wenye shida. Wa Erie, mlangoni kwangu mnapajua.