Kumfikia Mwenye Mtambo: Mhadhara Kuhusu Polisi, Noti Bandia na Hati za Kughushi

Waheshimiwa wasikilizaji,

Katika miaka ya 1924 na 1925, Mreno aitwaye Artur Alves dos Reis alitumia mikataba ya kughushi kuiaminisha kampuni ya uchapaji ya Waterlow and Sons ya London kwamba Benki ya Ureno imeidhinisha oda ya noti kupitia kwake na washirika wake. Kampuni hiyo, ambayo kweli ndiyo iliyokuwa ikiichapia benki hiyo noti za eskudo 500, ilitoa noti 200,000 katika oda ya kwanza pekee. Hapakuwa na mtaalamu ambaye angezitambua kwa jicho wala kwa darubini, kwa sababu zilichapwa na mchapaji halali. Kilichoghushiwa kilikuwa barua, saini na mihuri. Hila hiyo ilifichuka Desemba 1925, zilipokutwa noti mbili mbili zenye nambari zilezile.

Nimetanguliza tukio hilo kwa sababu tumezoea kuyatenganisha makosa haya, fedha bandia upande mmoja na hati za kughushi upande mwingine, ilhali mara nyingi hati ndiyo inayofungua mlango wa fedha. Anayetaka kukodi nyumba ya kufichia mtambo wa kuchapia noti, kufungua akaunti au kuvuka mpaka bila kujulikana huhitaji kwanza kitambulisho kisicho chake. Hoja yangu ni kwamba juhudi za polisi zipimwe kwa kufika kwao kwenye chanzo, yaani kwa mtengenezaji, wala si kwa wingi wa watu waliokutwa na noti mfukoni.

Njia ya kufika huko huanzia kwenye noti yenyewe. Noti halali za karatasi aghalabu hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, ambazo hazing'ai chini ya taa ya urujuanimno (UV) kama inavyong'aa karatasi ya kawaida ya ofisini; wino wake katika sehemu fulani huinuka kiasi cha kuhisiwa na kidole, na alama ya maji, ile picha inayoonekana noti ikiinuliwa kwenye mwanga, imo ndani ya karatasi, haikuchapwa juu yake. Mambo hayo humsaidia mwenye duka. Mpelelezi wa maabara hutafuta zaidi: mstari uliokatika mahali palepale, herufi iliyovimba, rangi iliyosogea, nambari inayojirudia. Kasoro hizo zikilingana katika noti zilizokamatwa katika miji mitatu isiyo na uhusiano wowote, basi zimetoka katika bamba moja la kuchapia au faili moja la kompyuta, na mafaili matatu ya upelelezi yanapaswa kuwa moja.

Ndiyo maana inasikitisha kuona kielelezo kikikunjwa, kikishikwa na mikono kumi, kisha kikikaa kwenye droo ya kituo mpaka siku ya kesi. Noti inayoshukiwa inapaswa kutiwa ndani ya bahasha, kuandikiwa mahali na saa ilipopokelewa, na kupelekwa haraka kwa wachunguzi wanaoweza kuilinganisha na nyingine.

Ugumu mwingine ni wa kibinadamu. Kwa kawaida noti bandia hairudishiwi thamani yake, hivyo aliyeipokea kwa nia njema hujikuta akichagua kati ya kupata hasara na kumsukumia mwenzake. Akihofia pia kwamba akienda kituoni atageuzwa mtuhumiwa, atanyamaza, na polisi watakuwa wamepoteza shahidi wao bora. Sheria za nchi nyingi huadhibu kumiliki au kutumia noti bandia kwa kujua kwamba ni bandia. Askari wa zamu anapaswa kuuelewa mpaka huo kabla hajamfungia mtu mahabusu.

Ushirikiano wa kimataifa nao ulizaliwa kwa maumivu. Katika kashfa ya kughushi faranga za Ufaransa iliyofichuka nchini Hungaria mwishoni mwa 1925, mkuu wa polisi wa nchi hiyo mwenyewe alitiwa hatiani mwaka uliofuata. Mkataba wa Geneva wa kuzuia kughushi fedha, wa tarehe 20 Aprili 1929, ulizitaka nchi wanachama zisitofautishe adhabu kati ya kughushi fedha za ndani na za kigeni, na kila nchi iwe na ofisi kuu moja inayoweza kuwasiliana moja kwa moja na ofisi za nchi nyingine.

Kwa upande wa hati, hatari kubwa naiona mwanzoni mwa mnyororo. Pasipoti yenye chipu ni ngumu kuigiza, lakini ikitolewa kwa cheti cha kuzaliwa cha uongo, teknolojia yote hiyo italinda jina la uongo. Kwa hiyo mpelelezi wa hati lazima azoee kukaa na madaftari ya masjala kama anavyozoea darubini.

Kisha kuna hati halali iliyoibwa. Interpol, shirika la kimataifa la ushirikiano wa polisi, ilianzisha mwaka 2002 hifadhidata ya hati za kusafiria zilizoibwa au kupotea, ambayo hujibu ndani ya sekunde chache. Hata hivyo, abiria wawili wa ndege MH370 ya shirika la Malaysia Airlines iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014 walipanda kwa pasipoti za Italia na Austria ambazo tayari zilikuwa zimeorodheshwa humo, lakini hazikulinganishwa na hifadhidata hiyo. Uchunguzi haukuwahusisha abiria hao na kutoweka kwa ndege, lakini upungufu ulikuwa dhahiri. Kila dirisha la ukaguzi mpakani liunganishwe na hifadhidata hiyo, na kila taarifa ya pasipoti iliyopotea iingizwe siku ileile inapopokelewa kituoni.