Kipimo cha Malaria Kikisoma Chanya: Mhadhara kwa Matabibu na Wauguzi kuhusu Homa ya Uti wa Mgongo

Hamjambo wote. Nianze na kipimo cha malaria, maana hapo ndipo mgonjwa anapotuponyoka. Mtoto kaletwa na homa, katapika, kapata degedege. Kipimo chanya, anaandikiwa dawa ya malaria, faili linafungwa. Lakini kwenye maeneo ya malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea damuni huku kinachomuua ni bakteria kwenye utando wa ubongo, yaani homa ya uti wa mgongo. Mwenye homa na degedege, au asiyeamka vizuri, mtibu yote mawili mpaka maji ya mgongo yaseme vinginevyo.

Shingo ngumu mnaijua. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja msiingojee: tazameni utosi uliovimba akiwa ametulia na ameketishwa, kilio chembamba kisichobembelezeka, kukataa ziwa. Kichanga anaweza hata kuwa wa baridi badala ya homa. Vipele vya damu vya meningokoka, mmoja wa bakteria wa ugonjwa huu, hujificha kwenye ngozi nyeusi. Funua kope, angalia kaakaa, viganja na nyayo.

Maji ya mgongo yachukuliwe kabla ya dawa ikiwezekana, ila dawa isiyasubiri. Usimchome mwenye mboni zisizolingana, aliye kwenye mshtuko, au mwenye kidonda pale pa kuchoma. Yakitoka na ukungu kama maji ya mchele, anza tiba. Pima na sukari ya damu papo hapo. Ile ya mgongo ikiwa chini ya takriban asilimia 40 yake, fikiria bakteria. Na tafadhali, sampuli ya kuotesha isiingie kwenye friji! Meningokoka hufa kwa baridi, maabara inajibu hakuna kilichoota, nasi tunasimamisha dawa.

Antibiotiki ni seftriaksoni: mtu mzima gramu 2 kila saa 12, mtoto miligramu 100 kwa kilo kwa siku, isizidi gramu 4. Zahanati inayotoa rufaa ichome dozi ya kwanza kwenye msuli, ikigawanywa mapaja mawili, ndipo gari liondoke. Saa iandikwe kwenye barua. Iliyochanganywa na lidokaini, dawa ya ganzi, kamwe isiingie mshipani. Kwa vichanga isikutane na dripu yenye kalsiamu, Ringer ikiwemo, maana hugandia kwenye mapafu na figo.

Deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe, hutolewa kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki au pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaipendekeza pasipo na mlipuko, ingawa majaribio ya Malawi, kwa watoto na kwa watu wazima, hayakuonyesha kuwa inapunguza vifo. Basi ikikosekana, msiitafute huku antibiotiki ikingoja.

Kinga: chanjo ya pentavalenti huzuia Hib, na chanjo ya PCV huzuia nyumokoka, bakteria wengine wa ugonjwa huu; hapa Tanzania zote hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Meningokoka haimo humo. Anayekwenda Hija achanjwe dhidi ya meningokoka za aina A, C, W na Y angalau siku 10 kabla ya kufika. Akithibitika mgonjwa wa meningokoka, wanaolala naye nyumba moja wapewe dawa ya kinga mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana: siprofloksasini miligramu 500 mara moja kwa mtu mzima. Kwa nyumokoka hakuna haja.

Jambo la mwisho linalosahaulika ni masikio. Kila aliyepona apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa, au ndani ya wiki 4. Sikio la ndani linaweza kuota mfupa, na likishajaa, kifaa cha kupandikiza cha kusaidia kusikia ni vigumu kuingia.