Ndege wa Mawe wa Zimbabwe Kuu: Mhadhara Uliotolewa Iringa

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wageni wetu, sisi wa Iringa tunalijua jiwe lililochongwa ili lifanye kazi, kwani Isimila, eneo la kale karibu nasi, imetuachia shoka za mkono na zana nyingine nyingi za kale. Leo nawaomba tutazame jiwe lililochongwa kwa sababu tofauti kabisa, nao ni ndege wa Zimbabwe Kuu, mji uliostawi kati ya karne ya 11 na ya 15.

Ndege hao wamechongwa kwa jiwe la sabuni, kila mmoja pamoja na nguzo yake katika pande moja la jiwe, na ndege peke yake ana kimo cha sentimita 40 hivi. Wataalamu wamebishana kama ni pungu au furukombe, ambao wote ni jamii ya tai, na kwa maoni yangu swali hilo limepewa uzito kupita kiasi. Tazameni uso: baadhi yao wana midomo kama ya binadamu mahali ambapo tungetarajia mdomo wa tai. Tazameni na miguu, mtaona vidole kama vyetu, si makucha ya kunasia windo. Asidhani mtu kwamba mchongaji alishindwa, maana jiwe la sabuni ni laini, hata ukucha hulikwaruza, na katika nguzo ya mmoja wao amechongwa mamba anayepanda kuelekea kwa ndege. Mikono iliyomudu hayo isingeshindwa na makucha, iliamua kuyaacha.

Katika imani za Washona, wenyeji wa Zimbabwe, ndege wapaao juu sana hupeleka ujumbe kati ya walio hai na mababu, na watafiti kadhaa wanauona mchanganyiko huu wa mtu na ndege kwa mwanga huo. Msikilizaji aliyelelewa katika ukoo wa Kihehe wenye mwiko wa kula mnyama fulani hatashangaa kwamba mnyama aweza kubeba heshima ya watu.

Wengi wao walikuwa katika magofu ya kilimani, na kuwang'oa na kuwapeleka nje ya nchi kulivunja maana hiyo. Afrika Kusini ilirudisha baadhi yao mwaka 1981. Mwaka 2003 Ujerumani ikarudisha kipande cha chini cha mmoja wao, kikakutanishwa na sehemu yake ya juu. Kwa hiyo, walimu wa sanaa, mnapomchora ndege huyu darasani, msimkate nguzo yake, wala msimsahihishe miguu ikawa ya tai.