Hela za bendi zinakwenda wapi? Leo nawajibu

Haya jamani, niko ndani ya gari, tumetoka mazoezini sasa hivi. Kila nikiweka video ya bendi swali ni lile lile: "Kaka, mnachangisha hela za watoto wa Tanga, wewe mwenyewe unapata ngapi?" Wapo watakaosema najisifu, wapo watakaosema nimekuja Marekani kulialia. Semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Sipati kitu. Tuko sita: Wamarekani wanne, Mkongo mmoja wa gitaa la solo, na mimi. Kiingilio kikishalipia ukumbi, kinachobaki ni cha madawati ya watoto hao. Mimi nakula kwa zamu za usiku ghalani.

Mbona basi madawati hayajafika? Tumesajiliwa kama shirika la hisani. Ada ya fomu fupi tu ya kuomba hadhi hiyo ni dola 275, ile ndefu dola 600. Ukishasajiliwa, kila senti inayotoka lazima iwe na karatasi yake. Fundi wetu wa Tanga, mzee mwaminifu kabisa, alituandikia risiti kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Mhazini akaikataa, anataka ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mzee hana mashine. Wiki tisa tunabishania karatasi, watoto wamekaa sakafuni! Hapo ndipo binamu yangu alipoandika kwenye grupu la ukoo kwamba nimekula hela za watoto. Mama yangu yumo humo, akasoma. Iliniuma, na bado inaniuma.

Tulitaka pia mpiga ngoma aje kutoka nyumbani. Bendi ndiyo iliyomwombea viza ya wasanii, tukalipa, majibu yakaja tamasha limeshapita. Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2006 Extra Golden, Wakenya na Wamarekani waliochanganya benga na roki, walikwama hivyo hivyo wakitakiwa Chicago, hadi ofisi ya Obama, enzi hizo seneta, ilipowasaidia. Wakamtungia wimbo. Sisi hatukupata wa kutushika mkono.

Lakini muziki wenyewe, wallahi, ndio unaonibakiza. Kwenye chakacha, ngoma yetu ya pwani, mapigo ya mbili na ya tatu yanakwenda pamoja, na mpiga ngoma wetu Mmarekani alikuwa anasikia tatu tu. Nikamwambia weka vijiti chini, piga paja kwa kiganja, mimi naimba juu yake. Jioni tatu nzima. Siku ilipomwingia, yule wa tarumbeta aliacha kusoma noti akaanza kucheza.

Mnaotaka kuanzisha ya kwenu, mimi nasema yaliyonikuta mimi. Jimbo lako na watu wako ni wengine. Ningeanza upya, ningetafuta fundi mwenye mashine ya risiti kabla ya ukumbi. Tumeshampata, yuko Muheza, madawati 40 anaanza kuyapiga randa Jumatatu. Yule mzee wa kwanza nimempigia nikamwomba radhi, kosa halikuwa lake. Picha zikija, grupu la ukoo ndilo litakaloziona kwanza.