Mmea ukishushwa Kange: maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa wapenda maua, Tanga

Assalamu alaykum, na wengine habari za jioni, wazee wangu shikamooni. Nimeombwa nizungumzie haya maua tunayoagiza mbali, ya Arusha, ya Dar, ya Lushoto, yanakuja na basi, yakifika stendi ya mabasi ya Kange yamelegea na wewe uliyelipa nauli ya kifurushi unaanza kutafuta namba ya muuzaji umseme. Sasa kabla hujamsema ngoja tuongee. Msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kuondoka aondoke: mimea mingi inayotufia haiuliwi na basi, inafika hai, tunaimalizia sisi nyumbani ndani ya wiki ya kwanza, na silaha yetu kubwa ni jagi la maji.

Na mji huu jamani ndo usingetakiwa kuwa mgeni wa mambo ya mimea ya safari. Mkonge umekujaje hapa? Mwaka 1893 yule mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida kule Marekani, vikapita Hamburg, vikapanda meli nyingine mpaka pwani hii, na vilivyofika vikiwa hai ni 62. Katika 1,000! Vikapandwa Kikogwe, hapo karibu na Pangani, na mashamba yote mnayoyajua yakaanzia hapo. Na ule ni mkonge, mmea unaoweza kukaa sakafuni stoo bila tone la maji na bado ukachipua. Sasa wewe unataka feni, ua lenye jani laini kama karatasi ya sigara, lifike limesimama?

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1892, mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa huku kwetu, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani kale kaua kadogo ka zambarau kanakoota kwenye mawe yenye kivuli, Amboni huko na milimani Usambara. Ndo afrikan vayoleti hiyo, leo iko madirishani dunia nzima na sisi wenyewe tunainunua kitalu kama kitu cha Ulaya. Watu wanaotumiana hiyo siku hizi wala hawahangaiki na mmea mzima, wanatuma jani moja na kikonyo chake, linazamishwa kikonyo kwenye udongo mwepesi, linatoa mizizi na vitoto. Likumbukeni hilo, nafuu kuliko nauli ya kopo zima.

Haya, tufungue hili boksi. Limetoka Arusha juzi asubuhi, likalala stoo ya vifurushi, nimelitoa Kange mchana huu, mnaliona pembe hii imebonyea. Kisu kinapita juu juu tu, kwenye selotepu, msichome ndani. Nyie wa mbele semeni, harufu gani hiyo? Eeh, ndizi. Boksi limekaa na mizigo ya ndizi kwenye buti. Sasa hilo watu hawalijui, tunda linapoiva linatoa hewa inaitwa ethilini, ndo hiyo hiyo inayofanya kazi mkivundika ndizi, hata ule moshi mnaotia shimoni una ethilini ndani yake. Jani la ua likikaa nayo gizani na joto linafanya kile kile linachofanya ganda la ndizi, linageuka njano, linadondoka. Basi za Lushoto ndo usiseme, pears, matunda damu, maparachichi, ua lako limebanwa katikati linavundikwa na wewe unalipia. Ukiweza mwambie konda aliweke mbali na matunda na mbali na injini, basi nyingi injini iko nyuma, buti la nyuma linachemka.

Tunatoa. Hii ni monstera, majani mawili ya chini njano, shina gumu, nzima. Hii ni zizi, ua linaloandikwa ZZ, haina hata habari, na haishangazi, ni mtoto wa pwani hizi hizi, huko chini ya udongo ana viazi vyake vya kuhifadhi maji. Na hii, hii ndo nataka muitizame, pisi lili. Majani yote yamelala. Kila mtu hapa mkono unamuwasha amwagie maji, si ndio? Dada wa kitenge cha bluu njoo, ingiza kidole mpaka fundo la pili. Kukoje? Kumelowa! Tena kumelowa chepechepe, muuzaji kamwagia asubuhi ya kusafirisha kwa huruma. Udongo una maji, jani limelala. Kiu hapo iko wapi?

Hapo ndo penyewe. Maji hayanywewi na ule mzizi mnene mnaouona, yananywewa na vinyweleo vidogo sana karibu na ncha ya mzizi, huvioni vizuri kwa macho. Boksi likirushwa, udongo ukitikisika ndani ya kopo, vinyweleo vinakatika. Udongo ukikaa umelowa kwenye joto bila hewa, mizizi inakosa pumzi na hivyo vinyweleo vinakufa. Huku juu jani halijui, ukilitoa gizani ukaliweka juani linafungua vitundu vyake linapoteza maji kama kawaida. Juu kunatoka, chini hakuingii, jani linalala. Ukiongeza maji chini umezamisha mizizi ambayo tayari ilikuwa inatafuta hewa, baada ya siku kadhaa shina linakuwa laini pale linapogusana na udongo, linanuka, unasema Arusha wameniuzia ua bovu.

Kwahiyo kazi yetu siku za mwanzo ni kulipunguzia jani matumizi mpaka mzizi urudi. Kivuli chenye mwanga. Ukumbini nyuma ya pazia jepesi, au barazani ndani ndani ambako jua haligusi, siyo chumba cha giza maana limeshatoka gizani, na siyo uani juani ati likapate nguvu. Jani lililozoea giza likipigwa na jua letu la saa sita linaungua siku hiyo hiyo, linatoa mabaka meupe, na baka la kuungua haliponi mpaka jani lile life. Baada ya wiki ndo unalisogeza kidogo kidogo. Na upepo: msiweke chini ya pangaboi, na miezi ya kaskazi msiweke dirisha linalotazama bahari, upepo unakamua majani kuliko jua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa ua msifuate hiyo, siku ya tatu bado ni mgeni kabisa.

Maji unaamua kwa kidole na kwa uzito. Linyanyue kopo siku linapofika, ujue uzito wake likiwa na maji, halafu nyanyua tena kesho kutwa. Likiwa jepesi na kidole kikitoka kikavu, mwagia taratibu mpaka yatoke chini, basi. Likiwa zito liache hata kama jani linakulilia. Hili la pisi lili mimi nalitoa kwenye hiki kikopo cha nje kisicho na tundu, naliweka juu ya gazeti linyonye, kesho tutaona. Zizi, sansevieria, kaktasi na ndugu zao wote wenye akiba ya maji, wakifika nawakalisha siku kadhaa bila kuwapa chochote, mchubuko wa safari ukauke kwanza maana kidonda kibichi na maji ndo mlango wa kuoza.

Na maji gani? Wengi wetu tuna visima, na visima vya karibu na bahari mnajua wenyewe, chai yake ina ladha. Mmea wenye mizizi mizima unavumilia kidogo, wenye mizizi iliyokatika hauvumilii, ile chumvi inayazuia maji yasiingie. Kingeni ya mvua, masika si haba. Mbolea ni habari hiyo hiyo, mbolea nayo ni chumvi, ukiitia kwenye mzizi mgonjwa unauchoma. Sijui nani kaanzisha hii ya kumpa mmea uliochoka mbolea "arudishe mwili". Subiri jani jipya litoke, hilo ndo cheti. Maji ya mchele, maganda ya yai, majani ya chai, vyote vikae jikoni mpaka hapo.

Kubadilisha kopo. Najua, kopo jipya limeshanunuliwa, zuri, la udongo, linapendeza na makochi. Liache wiki mbili tatu. Kila ukihamisha unakata vile vinyweleo tulivyokuwa tunavisubiri. Unahamisha siku ya kwanza kwa sababu mbili tu, mizizi imeoza, au limekuja bila udongo limefungwa gazeti bichi. Lililooza unalijua, mzizi wa kahawia, ukiuvuta ganda linatoka linabaki uzi, na harufu. Kata mpaka penye weupe kwa mkasi uliofutwa na spiriti, kisha udongo mwepesi, mimi natumia unga wa makumbi, mchanga wa mto uliooshwa, na mkaa uliopondwa kidogo. Mchanga wa ufukweni hapana, chumvi. Lililokuja bila udongo liloweke mizizi nusu saa kwenye maji safi, lipande, liweke kivulini.

Yale majani njano ya monstera, mnaona mwenzetu pale ana mkasi tayari, rudisha. Jani linalogeuka njano bado linarudisha chakula chake shinani, naitrojeni inahamishwa kwenda kwenye jani changa. Ngoja liishe njano lote, likivutwa linatoka lenyewe. Lenye kuoza, jeusi, linaloteleza, hilo toa sasa hivi.

Mwisho wa kukagua ni wadudu, na hapa msinionee aibu, geuza kila jani. Vidung'ata, wale wenye pamba nyeupe, wanajibanza pale kikonyo kinapokutana na shina. Haya tizama hapa kwenye monstera, sogeza tochi ya simu... yupo mmoja. Nilijua. Pamba ya sikio, spiriti, unamgusa anakuwa wa kahawia, kwisha. Halafu majani yanafutwa kwa maji yenye sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, na hili kopo linakaa peke yake wiki mbili au zaidi, chumba kingine, siyo upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Utitiri huwaoni, mpaka uone majani yana vidoa vingi vya kufifia na kautando chini yake. Mmea wa boksi ukigusana na wa nyumbani siku ya kwanza, umeleta wageni nyumba nzima.

Nimeulizwa hapa habari ya kufunika na nailoni. Kwenye mitandao wanafundisha sana, mmea ukifika ufunike ubaki na unyevu. Wanaofundisha wengi wako nchi za baridi, nyumba zao zina hita, hewa kavu. Hata Nathaniel Ward, daktari wa London aliyebuni lile kasha la kioo la kusafirishia mimea, mwaka 1833 akalituma mpaka Sydney na mimea ikafika hai, alikuwa anaikinga na upepo wa chumvi na ukavu wa melini. Sisi Tanga hewa yenyewe ni kama chai iliyofunikwa, ukifunika nailoni mchana wa Februari umepika. Anayeishi na AC usiku kucha, sawa, funika, toboa matundu, funua asubuhi. Na kupulizia maji majani kila saa, bibi yangu, hakusaidii kitu, maji yanakauka dakika chache, yasipokauka yanaleta ukungu.

Kuna swali la kuagiza kutoka nje ya nchi. Hapo kuna vibali, kuna cheti cha afya ya mimea, waoneni TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kulipa, siyo boksi likishakamatwa.

Na la mwisho, kijana wa nyuma, anasema manipulanti yake imefika bila jani hata moja, fimbo tupu, atupe? Usitupe. Kwaruza shina kidogo na ukucha. Kahawia kavu mpaka ndani, hiyo imekwenda. Kijani na unyevu, iko hai. Angalia vile vifundo pale majani yalipokuwa, macho yamo humo. Kata vipande, kila kimoja kifundo kimoja au viwili, toa sehemu iliyolainika, tia kwenye glasi ya maji ya mvua, kifundo kizame, weka penye mwanga bila jua, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Mizizi ikifika urefu wa kidole gumba ndo uhamishie udongoni, na vile vipande vitakavyokuzidi niletee kimoja.