Mkonge Pori Ni Ndugu wa Isale
(Mhadhara kwa wakulima na wauza miche, Moshi)

Asanteni kwa kuja, wazee wangu, kina mama, nanyi vijana mnaouza miche kando ya barabara ya Arusha. Mezani ipo mimea minne. Mitatu ina majani manene yenye ncha ya kuchoma, na nimesikia baadhi yenu mkiiita yote mkonge. Wa nne ni isale, mmea tunaoupanda mpakani na kuubeba tukienda kuomba msamaha. Huo sina la kumfundisha Mchaga.

Wa kwanza ni mshubiri. Ukivunja jani, linakatika mara moja, linatoka maji ya njano machungu, na ndani ni ute mtupu. Tusikae hapo.

Wa pili ndio mkonge wa shambani. Huo jani lake halikatiki kirahisi, nyuzi zinalishikilia. Asili yake ni Mexico; Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanganyika mwaka 1893. Hukaa miaka bila ua, kisha hutoa mlingoti mmoja mrefu, huzaa vikonyo, yaani miche midogo, hukohuko juu, halafu mmea mama hufa. Mshubiri haufi kwa kuchanua. Mwakani utachanua tena.

Sasa huu wa tatu, mkonge pori, ndio ulionileta. Mmeuona nyikani kuelekea Simanjiro, chini ya migunga, na kwenye bonde la Oldupai umejaa tele. Nao una nyuzi imara, ndiyo maana macho yanauweka pamoja na mkonge. Lakini tazameni majani yanavyopangana: yamejipanga pande mbili, moja huku, moja kule, yakitanuka kama kipepeo cha kupepea moto. Ya mkonge wa shambani huzunguka shina pande zote.

Halafu subirini uchanue. Maua yake ni meupe, membamba, hufunguka usiku, na baadaye huja tunda la mviringo lenye nyama. Mlioacha isale lichanue mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, mmeshaliona ua la namna hiyo na tunda la namna hiyo. Wataalamu waliupa mkonge pori jenasi yake, yaani kundi lake la mimea ya karibu kiukoo, Sansevieria. Uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa uko ndani ya Dracaena, jenasi ya isale lenyewe, lile tunalolibeba kwenda kuomba msamaha. Wapo wanaoshikilia jina la zamani. Mimi naona ushahidi umetosha.

Mtauliza, mbona majani hayafanani kabisa? Ni ukame. Mimea mingi inayoishi pakavu huweka akiba ya maji na kukaza ngozi, iwe imetoka Mexico au imeota hapahapa. Isale limekulia kwenye kivuli na unyevu wa mlimani, halina haja hiyo. Kwa hiyo jani linakueleza mmea unaishi wapi. Ukitaka ukoo wake, uliza ua na tunda.

Karibuni mezani, kila mmoja ashike na kuvunja mwenyewe. Mshubiri vunjeni mwisho, maji yake yanatia madoa nguoni.